Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Shokomzoba za Gari la Familia



Mwezi wa Novemba uliopita mama yangu alitoka Mombasa kwa treni ya asubuhi akaja kututembelea hapa Voi. Alikuwa na azma moja, kupanda Wundanyi kumzuru dada yake anayeugua. Nilimpokea stesheni, nikampakia garini pamoja na vikapu vyake, na mjukuu wake wa miaka sita akakaa nyuma. Hatujamaliza kilomita tano za njia ya Mwatate, mama akashika kishikio cha mlango akaniuliza, "Mwanangu, gari hii ina nini? Mbona yaenda kama dau lililopata mawimbi ya ubavuni?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Ni njia hiyo, mama. Njia za huku si kama za kwenu."

Hakujibu. Aliendelea kushika kishikio.

Jioni tulipokuwa tukiteremka, manyunyu yalikuwa yameanza na lami imelowa. Waijuao njia ya Wundanyi wanajua kwamba ni kona juu ya kona, huku mlima na huku bonde. Katika kona moja ya kushoto palikuwa na lami iliyobanduka. Nilikanyaga breki, pua ya gari ikainama, magurudumu ya mbele yakadunda juu ya mashimo yale, na kwa muda mfupi sana usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kana kwamba haukushika kitu. Gari halikukata kona. Lilivuka mstari likaingia upande wa wanaopanda. Matatu iliyokuwa ikija ilipiga honi, dereva wake akajibana ukingoni, tukapishana. Alhamdulillah, hapana aliyeguswa. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nilikuuliza asubuhi."

Sikuwa na haraka siku ile, wala sikuwa na simu mkononi. Matairi yalikuwa bado na meno, na breki zilikuwa zimekaguliwa mwezi mmoja kabla. Kilichokuwa kimechoka ni shokomzoba za mbele, nami sikuwa na habari, ingawa gari hilo naliendesha kila siku ya Mungu. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safu ya juma hili ni ya kumsaidia mwenyeji ajue mapema, bila kungoja mgeni wala kona, kwamba shokomzoba za gari lake zimefika mwisho; na akishajua, azibadilishe kwa namna itakayomfaa, asije akalipa mara mbili kwa kazi moja.

Kwa nini dereva hatambui

Taa ikiungua, huungua usiku mmoja na kila mtu akaona. Tairi likipasuka, husikika. Shokomzoba haifi hivyo. Hupungua nguvu kidogo kidogo, safari baada ya safari, na mikono ya dereva huzoea kila upungufu. Leo anapunguza mwendo kabla ya tuta zaidi ya alivyopunguza mwaka jana, naye hajui kwamba anafanya hivyo. Watoto wakitapika njiani, husema wana matumbo mabovu. Gari likiyumba lori linapolipita karibu na Maungu, husema upepo ni mkali leo. Kila dalili hupata sababu nyingine. Mtu apandaye gari hilo mara moja kwa miezi sita hana mazoea hayo, na ndiyo maana mama yangu alitambua katika kilomita tano jambo ambalo mimi sikulitambua katika kilomita elfu kadhaa.

Kazi yake ni nini

Watu wengi hudhani kuwa shokomzoba ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Uzito wa gari hubebwa na springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa; likishuka, springi hujifyatua, na lau ingeachwa peke yake ingepanda na kushuka mara nyingi, kama kitanda cha springi alichorukia mtoto. Shokomzoba ndiyo iizuiayo isicheze. Ndani yake mna pistoni inayokwenda juu na chini katika mafuta, na mafuta hayo hulazimika kupenya katika vitundu vidogo sana. Kule kupenya kwa shida ndiko kunakoimeza nguvu ya mrusho na kuigeuza joto.

Matokeo yake ni kwamba tairi hubaki limeikanyaga barabara. Hili ndilo jambo kubwa, wala si raha ya makalio. Tairi lililo hewani, hata kwa kitambo kidogo, halina breki wala halina usukani. Breki zikiwa mpya kiasi gani, haziwezi kulisimamisha gari kwa tairi lisilogusa lami. Ndilo lililonikuta katika kona ile: usukani ulikuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yalikuwa yakidunda badala ya kushika.

Katika magari mengi madogo tunayotumia, shokomzoba ya nyuma husimama peke yake na kuibadilisha ni kazi nyepesi. Ya mbele ni tofauti. Huvalishwa springi na kufungwa pamoja nayo kama nguzo moja, ambayo juu hushikwa na bodi chini ya boneti na chini hushika gurudumu. Mtindo huo ulibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, ukaenea kwa sababu ni mwepesi na hauchukui nafasi. Lakini kwa mtindo huo nguzo ya mbele ni sehemu ya usukani wenyewe. Ikichakaa, si mrusho tu unaoharibika, bali hata namna gari linavyokata kona.

Kwa nini huku kwetu huchoka mapema

Watengenezaji wengi hushauri shokomzoba zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000 hivi, na baadhi yao huitaja kilomita 80,000 kuwa ni wakati wa kufikiria kuzibadilisha. Hesabu hizo ni za kumwongoza mtu, si ahadi, na katika Taita Taveta hupungua kwa sababu zinazojulikana.

Kwanza ni joto na njia za vumbi. Atokaye Maungu kwenda Kasigau, au apandaye Sagalla, huyajua yale matuta madogo madogo yaliyojipanga barabarani kama mawimbi ya pwani maji yakipwa. Juu yake pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, mafuta hupata moto na kuingia povu, na shokomzoba hulegea hata ikiwa bado nzima. Ikirudiwa kila juma, mpira wa juu unaozuia mafuta yasitoke huchanika. Vumbi nalo hukwangua ule mti wa chuma unaong'aa kila unapoingia na kutoka.

Pili ni mizigo. Tunaenda harusini watu saba katika gari la watano. Tunarudi kutoka Taveta na ndizi na nyanya, kutoka Wundanyi na kabichi. Springi ikilala kwa uzito, shokomzoba hugonga mwisho wake kwa kila shimo.

Tatu ni zile pande za mpira au chuma tunazowaomba mafundi wazitie juu ya springi ili gari liinuke lisikwaruze matuta. Gari huinuka kweli, lakini shokomzoba hubaki imevutwa kuliko ilivyokusudiwa, na viungo vya chini hukaa kwa pembe isiyo yake.

Nne, na hili twalisahau, magari yetu mengi yaliletwa yakiwa yameshatumika. Sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini maadamu halijapita miaka 8. Gari la namna hiyo huja na shokomzoba zake za tangu kiwandani. Siku unayokabidhiwa ufunguo, ni jipya kwako wewe. Kwa shokomzoba si jipya.

Ukaguzi wa dakika kumi nyumbani

Dada zangu, ukaguzi huu hauhitaji spana wala ovaroli. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini. Usiingie chini ya gari. Hakuna haja, na gari lililobebwa na jeki peke yake haliingiwi chini yake kamwe.

Kwanza angalia upepo wa matairi. Tairi lenye upepo mdogo au mwingi mno hulifanya gari liyumbe au lidunde, na matibabu yake hayafiki hata bei ya sahani ya biriani. Usiende kununua shokomzoba kabla ya kulisawazisha hilo.

Pili, geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, kisha mulika kwa tochi ya simu nyuma ya gurudumu la mbele. Utaiona nguzo na springi yake. Unyevu mwembamba ulioshika vumbi karibu na juu si lazima uwe ugonjwa. Utazame tena baada ya juma. Mafuta yaliyoteremka hadi chini, yakalowesha nguzo, ni shokomzoba iliyokwisha. Tazama pia ule mpira wa mikunjo unaokinga vumbi, kama umechanika, na springi, kama imevunjika pete. Rudia upande wa pili, kisha chungulia za nyuma.

Tatu, yatazame matairi. Likitumika sawasawa, tairi huisha kwa usawa. Likiwa limedunda miezi mingi, huwa na vibonde, pahala pamelika na pahala pameinuka, kulizunguka lote. Tazama kwa macho kwanza kama hakuna nyaya zilizochomoza, kisha upitishe kiganja taratibu; kiganja huhisi yasiyoonekana.

Nne, lisukume gari chini kwa nguvu katika kila pembe, mara mbili tatu, kisha uachilie. Lapaswa kupanda mara moja na kutulia. Likiendelea kucheza, hukumu imetoka. Lakini jaribio hili lisikudanganye: huikamata shokomzoba iliyokufa, haiikamati iliyo mgonjwa. Langu lilicheza kidogo sana, hali nguzo zote mbili za mbele zilikuwa zimelowa mafuta.

Tano, jisikilize njiani, mahali salama na kwa mwendo mdogo. Je, pua huinama sana unapofunga breki? Je, baada ya tuta gari hupiga magoti zaidi ya mara moja? Je, huegemea mno kwenye kona? Na hapa mgeni ana kazi yake: mpakie jirani au dada yako ambaye hulipandi gari lako kila siku, umuulize, na akikujibu usicheke kama nilivyocheka mimi.

Neno moja la tahadhari. Si kila mlio ni shokomzoba. Mgongo wa "ko, ko" kwenye mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye viungo vya stabilaiza au bushi, ambavyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Mlio wa kukwaruza unapogeuza usukani gari likiwa limesimama waweza kutoka kwenye beringi iliyo juu ya nguzo. Gari lililolala upande mmoja aghalabu lina springi iliyochoka au kuvunjika. Fundi akikuambia "ni shoki zote nne" kabla hajaliinua gari, mshukuru, ukatafute mwingine.

Lini ubadilishe

Nyumbani kwetu swali hili lilizua mjadala. Nilimweleza mume wangu yaliyotokea, naye alishtuka kama ilivyopasa. Tulipofika kwenye fedha, akasema, "Gari linatembea. Ada za watoto ni Januari. Tungoje hadi Machi." Hakuwa amekosea katika hesabu yake. Fedha zilikuwa hizo hizo, na ada hazingoji. Sikutaka kumshinda kwa kumkumbusha hofu yangu. Siku ya Jumapili tulilipeleka gari kwa fundi mmoja wa makamo hapa mjini, tukaomba alikague tu, atoze gharama ya ukaguzi, asitengeneze kitu. Aliliinua, akavuta na kusukuma kila gurudumu, akamwita mume wangu aje ajionee kwa macho yake.

Kisha akatuambia maneno ambayo tangu siku ile nimeyafanya kuwa kanuni. "Mama, ugonjwa wa shokomzoba una daraja tatu. Iliyotoa jasho, iangalie. Iliyolia mafuta, ipangie siku. Iliyovunja springi, au inayocheza kule juu inakoshikwa na bodi, au iliyopinda, gari lisitoke hapa." Zetu za mbele zilikuwa daraja ya pili, zote mbili. Za nyuma zilikuwa kavu, na bushi zake nzima.

Hilo lilibadilisha mazungumzo nyumbani. Badala ya nne, tulihitaji mbili. Na swali likawa si tu "tunazo fedha au hatunazo," bali "hadi siku hiyo, gari hili lifanye kazi gani?" Tulikubaliana: halipandi Wundanyi, halishiki njia ya Mombasa wala ya Taveta, halibebi zaidi ya watu watatu, litatumika mjini kwa mwendo wa taratibu. Mwenye safari atapanda matatu. Baada ya juma mbili tulizijumlisha nauli tulizolipa, mume wangu akazitazama, akasema mwenyewe, "Tununue."

Nawausia wenye hali kama yetu wafanye hesabu ya namna hiyo. Kuahirisha kuna bei yake, iwapo mtu anaahirisha kwa uaminifu, yaani kwa kulizuia gari lisiende kusikoliweza. Na ukihesabu pia matairi yanayolika vibonde, utaona kwamba Machi si rahisi kuliko Desemba. Tunachukua sababu kwanza, kisha tunatawakali. Kuwapakia wazee na watoto katika gari ambalo umeshaonyeshwa kwa macho kuwa limelowa mafuta, ukaondoka na dua peke yake, huko si kutawakali.

Namna ya kununua

Miaka miwili nyuma gereji moja, ambayo sitaitaja, ilinibadilishia shokomzoba ya kushoto tu, iliyotumika, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikivuja. Nilifurahi kwa bei. Tangu siku hiyo gari likawa kila likifunga breki linavutia upande mmoja, na kabla ya mwaka kwisha ile ya mtumba ilikuwa imeanza kulia. Nilijifunza mambo mawili kwa mkupuo.

La kwanza: hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, kulia na kushoto, hata kama moja yaonekana nzima. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine mlegevu, gari halishiki barabara sawasawa. Si lazima kubadilisha zote nne kwa siku moja ikiwa za upande wa pili zimekaguliwa na kuonekana nzima.

La pili: shokomzoba ya mtumba ni bahati nasibu. Huwezi kuyaona mafuta yaliyomo ndani wala kujua imepita njia zipi. Bei ya mpya iliyotajwa kwangu ilikuwa takriban mara mbili ya ile iliyotumika, lakini kazi ya kufungua na kufunga ni ile ile kila mara. Ukiifanya mara mbili, unafuu umekwisha.

Unaponunua, nenda na namba ya chesisi, si jina la gari tu, kwa maana gari la jina moja laweza kuwa na shokomzoba za aina mbili au tatu kwa kadiri ya mwaka na injini. Hakikisha umepewa ya kulia na ya kushoto, kwani nguzo za mbele mara nyingi hutofautiana. Fungua sanduku dukani. Ule mti wa chuma uwe unang'aa bila mkwaruzo hata mmoja. Omba risiti yenye jina la duka na muda wa dhamana, uihifadhi. Nunua pamoja nazo zile kofia za mpira za juu na beringi zake, mpira wa mikunjo, na ule mpira mfupi unaozuia nguzo isigonge mwisho. Gharama yake si kubwa, na kuzibadilisha baadaye ni kulipia kazi yote upya.

Ukiwa gereji

Nilikwenda na mwanangu wa kiume, tukaketi kando tukatazama. Kumtazama fundi si kumvunjia heshima. Fundi mwema hupenda aonekane. Haya ndiyo ya kutazama.

Kubwa kuliko yote ni springi. Springi ya mbele hukaa imebanwa hata gari likiwa limeinuliwa, na ile nati ya katikati juu ya nguzo ndiyo iishikayo. Nati hiyo haifunguliwi mpaka springi ibanwe kwa vibano vyake maalumu, viwili, pande zinazoelekeana. Ukimwona mtu anaifunga kwa kamba au waya, au anaifungua nati hiyo bila kibano, mwambie aache na muondoke pale wewe na wanao. Springi ikifyatuka huweza kuua. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ya nguzo za mbele si ya kujaribiwa nyumbani na mtu asiye na vifaa, ajapokuwa hodari.

Tazama pia kwamba breki haiachwi ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Hufungwa kwa waya ibebwe. Tazama kwamba fundi haushiki ule mti wa chuma unaong'aa kwa koleo ili usizunguke, kwa maana mkwaruzo mmoja utachana mpira ndani ya miezi michache na dhamana itakataliwa. Kabla ya kuzitoa boliti za chini, fundi mwangalifu huweka alama ya pahala zilipokuwa. Akimaliza, waya wa kihisi cha breki na mpira wa breki virudi katika vishikizo vyao, visiguse tairi. Nati zile zenye plastiki ndani ziwe mpya. Na zile boliti zipitazo kwenye bushi za mpira hukazwa kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira hukaa umejikunja na kuchanika mapema.

Omba upewe za zamani. Za kwetu, fundi alimpa mwanangu moja aisukume. Ilizama kwa mkono mmoja na haikurudi. Kisha akampa mpya; kijana alitia kifua, ikashuka taratibu, ikapanda yenyewe. Darasa lile sikuweza kumpa mimi.

Baada ya nguzo za mbele kubadilishwa, magurudumu hulinganishwa kwa mashine, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Usikubali kuambiwa kuwa si lazima. Gari laweza kwenda moja kwa moja mikononi mwako huku likiyala matairi upande wa ndani. Kisha endesha siku chache mjini, urudi fundi azikaze nati na aangalie kama pana uvujaji. Usiianze safari ndefu siku ile ile. Na safari hiyo ikifika, ukiwa umeishika njia ya Mombasa, simama kidogo pale msikitini Mackinnon Road, kama wasimamavyo wasafiri wengi, na baada ya kuswali tia tochi nyuma ya magurudumu ya mbele. Ni dakika moja tu.

Mwezi wa Januari, ada zikiwa zimelipwa kwa kubanana, mama alikuja tena, maana hali ya dada yake haikuwa imetengemaa. Nilimpokea stesheni, tukashika njia ya Mwatate. Sikumwambia neno. Alipofika pale alipouliza mara ya kwanza, nilimtupia jicho. Mikono yake ilikuwa mapajani, akivuta tasbihi yake. Kwenye ile kona nilipunguza mwendo zaidi ya ilivyohitajika, kwani shokomzoba mpya hazimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Lami iliyobanduka ilikuwa bado haijatengenezwa. Gari lilipita, likatikisika mara moja, likatulia.

"Mliitengeneza," mama akasema.

"Naam, mama. Za mbele. Za nyuma fundi atazitazama tena mwezi wa Aprili."

"Aprili usisahau," akasema, akaendelea na tasbihi yake.

Nanyi, wasomaji wapenzi, kabla ya safari yenu ijayo, zimeni injini, geuzeni usukani, mmulike. Tukutane juma lijalo, inshaallah.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullah.